Sumaku ya Kuumeni, Sumaku ya Kukeni

Hewa ya Bagamoyo haipendi chuma. Baiskeli, bawaba, cherehani, vyote inavila polepole bila kelele, na katika miaka ile ya sabini ikaligeukia gitaa langu la umeme. Likaanza kukoroma, likafuata kukohoa, mwisho likanyamaza. Nilikuwa kijana wa suruali za bugaluu na nywele nyingi, mpiga gitaa wa bendi ya vijana wanne ambao hatukutaka hata kusikia habari za rumba. Tulikuwa na santuri chache za Ulaya, zimekwaruzika vibaya, ambamo gitaa linanguruma mpaka sindano inaruka. Tuliapa kwamba huo ndio muziki, na uliobaki wote ni wa kusindikizia pilau.

Kilichokufa ndani ya gitaa ni kile kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Uzi ukitikisika, chenyewe kinaudaka mtikisiko na kuupeleka kwenye spika. Bila hicho, gitaa la umeme ni ubao. Wenye vitabu bila shaka wana jina lake. Sisi tulikiita sumaku, na tulielewana.

Na lilikufa wakati mbaya. Kiongozi wa bendi moja kubwa ya Dar es Salaam alikuwa anatafuta mpiga gitaa wa kunguruma, na aliahidi kuja kunisikiliza kwenye bugi letu, dansi la vijana la Jumapili mchana. Mimi nilikuwa nikishona magunia ya mbata ghalani, nanuka mafuta ya nazi yaliyochacha hata nikiwa nimetoka kuoga. Niseme wazi, niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuoa. Nilihitaji sumaku mpya, iwe ya sauti nzito, na niipate upesi.

Nikalisema nyumbani. Na jambo likisemwa nyumbani kwetu huwa si lako tena, ni la ukoo.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, baharia wa meli za mizigo aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Akafungua sanduku lake la safari, akatoa sumaku ya koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya, yenye kifuniko kinachong'aa. Alisema aliipata bandari moja ya Ulaya, kwa mpiga gitaa mwenye nywele mpaka kiunoni.

"Mwenyewe hivi sasa hasikii kitu," mjomba alisema, kwa namna ya mtu anayeisifu dawa. "Masikio yote mawili yamekwisha. Ndipo ujue hiyo ni sumaku."

Habari zikamfikia ami, mdogo wake marehemu baba, fundi redio wa mtaa wetu. Ami alikuwa mtu wa kujipima na watu, na tangu baba afariki alijiona yeye ndiye mwenye dhamana yangu. Kusikia kwamba watu wa kukeni wametoa sumaku na kuumeni hawajatoa kitu, akafunga kibanda chake asipokee redio ya mtu. Alichomoa sumaku kwenye spika iliyokufa, akatoa waya kwenye redio ya marehemu nani sijui, akazungusha kwa mkono mpaka vidole vikamvimba. Kisha akagusisha ncha za waya ulimini, kama alivyozoea kupima betri, akafumba macho.

"Inauma vizuri," akasema. Sikujua alionja nini, maana haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Barazani kwetu, kwenye kahawa, sumaku zote mbili zikapitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyekuwa amezisikia, kwa hiyo kila mtu alikuwa na uhakika. Karani mstaafu wa forodha alisema ya Ulaya ina sauti ya tui la kwanza, na ya ami ina sauti ya tui la pili, la kuchemshia. Mwuza mananasi wa Kiwangwa, aliyekuwa ametua tenga lake apumzike tu, alipinga vikali: sauti inatoka kwenye mbao, sumaku ni urembo. Mzee mmoja akauliza kama hiyo ya Ulaya inafaa pia kwa maumivu ya goti. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, na karani hakununua nanasi.

Mimi nilikuwa nimekwisha chagua. Nilitaka ya mjomba. Koili mbili ndizo zinazoleta mngurumo, hata mtoto aliyesikiliza santuri zetu angejua. Nikaenda kwa mama kumwambia.

"Baba yako hayupo," mama akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Ukichukua ya mjomba wako peke yake, watu wa kuumeni watasema nimekuhamishia kwetu. Ukichukua ya ami yako, kaka yangu atasema amerudishiwa zawadi usoni. Hilo gitaa lina nafasi ngapi?"

"Mbili, mama. Ya pili ilikuja tupu."

"Basi Mwenyezi Mungu keshakata shauri."

Kwa asiyejua desturi zetu, hivyo ndivyo kila kitu kinavyokwenda. Mtoto akizaliwa, pande mbili. Mtu akifa, pande mbili. Kwenye harusi sufuria za kuumeni na za kukeni hutazamana, na ole wake anayekula upande mmoja akashiba. Sikuwa na sababu ya kudhani kwamba gitaa litasamehewa.

Ami akazifunga zote mbili, na juu ya gitaa akaweka swichi ya redio yenye vituo vitatu. Ukiipandisha juu, inasema ya mjomba. Ukiishusha chini, inasema ya ami. Katikati zinasema zote pamoja. Alipomaliza akazimiminia nta ya mshumaa, akagandamiza dole gumba lake juu yake, mtu asije akachezea kazi ya fundi.

Tukajaribu uani kwake, mjomba akiwapo. Nikapandisha swichi juu. Ee bwana! Kuku walikimbia, sufuria ikalia ukutani, sauti nikaisikia kwenye mbavu, na nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikashusha chini: ya ami ilikuwa kali, inachoma, na yenyewe si haba. Kisha nikaweka katikati.

Sauti ikakonda. Uzito wote ulipotea, ikabaki ya puani tupu, kama mbu aliyeingia chandaruani.

Ami akakuna kidevu. Alikuwa fundi, alijua. "Zinapingana," akasema. "Hii ikisukuma, ile inavuta. Zinamezana. Mojawapo lazima igeuzwe waya."

"Basi geuza, ami."

"Nigeuze ipi?"

Hapo ndipo nilipoiona Dar es Salaam ikirudi nyuma. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache, waya huu uende kule, ule uje huku. Lakini itakayogeuzwa ndiyo itakayokuwa imekosea.

"Yangu nimeizungusha kwa bismillahi na mkono wa kulia," ami akasema. "Sioni kosa lake. Igeuzwe hiyo ya Ulaya."

"Shemeji," mjomba akajibu, "hii imetoka kiwandani. Kiwanda hakizungushi kinyumenyume. Geuza yako tu, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua, shemeji."

"Na mimi pia."

Walisemezana kwa upole mkubwa, na upole ule ndio ulionitisha. Watu wa kwetu wakitukanana, jioni wanakula pamoja. Wakianza kupeana heshima, jua mambo yameharibika. Wakaagana kwa mikono miwili, na hakuna waya uliogeuzwa.

Mama akatoa hukumu yake. "Swichi ikae katikati. Ukiipandisha, umemzima ami yako mbele ya watu. Ukiishusha, umemzima mjomba wako. Nami nitakuja nitazame."

Alikuja kweli. Mama yangu hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi maisha yake yote, na siku ile pia hakukanyaga. Alikaa kizingitini na buibui lake, pamoja na majirani wawili, akisema mlangoni si ndani. Mjomba na ami hawakuwa na kizingiti cha kujificha. Walikaa mbele kabisa, kanzu nyeupe na kofia za mkono, katikati ya vijana wa viatu vya raizoni vyenye soli nene. Yule kiongozi wa bendi aliegemea ukuta wa nyuma na soda yake mkononi.

Tukaanza. Ngoma zilikuwa nzito, besi ilikuwa nzito, na juu yake likaja gitaa langu likilia puani. Mpiga ngoma akanitupia jicho. Vijana waliokuja kurukaruka wakajikuta wanacheza taratibu, wakipishana kwa kuombana radhi.

Ukafika wimbo niliouandaa kwa ajili ya yule mgeni, mahali ambapo wenzangu wote wananyamaza, gitaa linabaki peke yake na linapaswa kuutikisa ukumbi. Kidole changu kikaenda kwenye swichi. Nikatazama mbele. Wale wazee hawakuwa wanaangalia vidole vyangu vya kushoto, ambavyo vilikuwa vinafanya kazi ambayo sikuwahi kuifanya tena vizuri namna ile. Walikuwa wanaangalia swichi. Ami alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Mjomba aliacha kutafuna. Kule mlangoni mama alikuwa amesimama.

Nikaiacha katikati. Nikapiga hivyo hivyo mpaka mwisho, nikiwachukia wote watatu, na nikiwapenda kiasi cha kushindwa kusogeza kidude chenye ukubwa wa punje ya harage.

Bugi lilipokwisha mjomba alinishika bega. "Umeisikia ilivyokuwa inanguruma? Ni yangu ile." Ami naye akanivuta pembeni. "Iliyopenya ni yangu. Ya shemeji sikuisikia kabisa, maskini." Wakaondoka pamoja wakicheka, wameridhika kama watu waliotoka kusuluhishwa na kadhi.

Mgeni wa Dar akaja mlangoni nilipokuwa na mama. Alikuwa mtu muungwana, akaanza na yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vipi, umemsikia mwanangu?"

"Nimemsikia, mama." Akanigeukia. "Vidole unavyo, kijana. Lakini gitaa lako lina adabu mno." Akanipa mkono, akaingia garini. Gari likashika njia ya Kerege, ya kurudi Dar, nami nikabaki nalitazama mpaka vumbi likatua.

Asubuhi yake mama alianza na nyumba ya jirani, akafuata ya pili, akavuka barabara. Nilikuwa naelekea ghalani, nikamkuta amezungukwa na wanawake wa mtaa mzima. "Mtu mkubwa wa muziki," alikuwa anawaambia, "katoka Dar es Salaam na gari lake mwenyewe, kasimama mbele yangu, kasema gitaa la mwanangu lina adabu mno!" Wakapiga vigelegele. Kisha wakaniona, wakaja kunishika mkono mmoja mmoja kunipa hongera, na mama akinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu baba afariki. Nikawaambia ahsanteni.