Nyar Sori

Tak. Kimya kidogo. Tak tena. Juzi, hapa Homa Bay ninapoishi siku hizi, nilisikia sauti hiyo ikipenya ukuta wa jirani, na kabla sijatoka kumwona mtoto wake akibandua vipande vya plastiki kutoka kwenye fremu, vidole vyangu vilishajua anaunda nini. Hasira yangu nayo ikaamka, mbichi kama zamani.

Chombo changu cha anga, cha kuchezea, cha kuunganisha vipande, kililetwa kwetu Sori, kando ya ziwa, na Felix, mtoto wa Baba Mkubwa, yeye na baba yake walipotoka Nairobi likizo ya Desemba. Kwenye sanduku palikuwa na picha ya chombo chenye mabawa manne kikipita kati ya sayari ambazo hazipo. Felix alibandua vipande vichache, akavunja bawa, akachoka.

"Chukua," alisema akinirushia sanduku. "Lakini hautamaliza. Nyinyi huku mnajua tu kuanika omena, vidagaa vyenu hivyo."

Nilipomjibu kwa Dholuo, lugha yetu, aliziba masikio. "Ongea lugha ya watu!" Baba Mkubwa alicheka kwa fahari, akatutangazia kwamba mwanawe hajui hata neno moja la kijijini.

Nilikimaliza. Kazi ilichukua karibu mwaka. Kipande kimoja kilipochafuka nilikifuta kwa petroli, kama tunavyofuta mikono baada ya kupaka mashua rangi, kikalainika na kuning'ang'ania vidoleni kama ugali mbichi. Nikachonga kingine kwa mti. Mwishowe nikakipaka buluu na manjano, mabaki ya rangi ya mashua, na ubavuni nikaandika jina, maana kwetu chombo kisicho na jina hakina mwenyewe: Nyar Sori, binti wa Sori.

Desemba iliyofuata Felix alikiona juu ya kabati.

"Hiyo ni yangu."

"Ulinipa."

"Nilikupa uniwekee."

"Akinyi, mpe ndugu yako," Baba Mkubwa akaamua. "Wewe msichana utaenda wapi na ndege ya anga?"

Baba alikuwa ziwani. Mama aligeuka, akarudi jikoni; kwa shemeji mkubwa mtu hajibu ovyo. Nikakitoa.

Felix alilitazama jina, akakunja pua. "Hii lazima itoke." Alikuwa amewaona vijana wa ufuoni wakijisafisha rangi kwa petroli, basi akachota petroli ya injini kwenye mkebe nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Kik iluoke gi petrol, obiro leny." Usikioshe kwa petroli, kitayeyuka.

Akaziba masikio, akaimba la-la-la, akakitumbukiza kizima, akaingia kula. Nilikaa mkabala naye. Sijawahi kula samaki mtamu kama yule. Nilifyonza kila mfupa bila haraka, nikamwongezea hata mchuzi ili akawie mezani.

Alipokirudia, mabawa yalikuwa yamejikunja kama majani ya tumbaku, na jina langu limegeuka ute wa buluu. Alilia mpaka kuku wakatawanyika.

"Alijua! Daddy, alijua!"

Baba Mkubwa alinijia mkono ukiwa juu. "Ulijua?"

"Nilijua, Baba Mkubwa. Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

Mama ndiye aliyejibu, kutoka mlango wa jikoni. Alirudia maneno yangu neno kwa neno, kwa Dholuo, kisha akaongeza: "Nimemsikia mwenyewe, shemeji. Amemwambia kwa lugha ya nyumba hii."

Mkono ukashuka. Wakati ule nilisikitika, nilitaka kelele zaidi. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alichokiona: mwanawe ameonywa ndani ya boma la babu yake mwenyewe na hakusikia, na aliyeyaziba masikio yale ni yeye, kwa kicheko chake. Nilimlenga mtoto, nikampata baba. Huruma? Hata leo naitafuta, siipati.

Walikuwa walale kwetu. Lakini Baba Mkubwa alichukua ufunguo wa gari, akamshika Felix begani. "Twende."

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka langoni, hata akiwa mgeni mbaya. Mama alipangusa mikono kwenye leso, akangoja kisigino cha mwisho kivuke kizingiti, akafunga mlango.