Nta Iliyokataa Joto

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo pia, na magoti yangu haya mabovu, akanipa pumzi ya kusimulia. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Makadara. Sikuyasikia kwa mtu.

Kazi yangu ilikuwa kufinyanga nyuso za vikaragosi vya michezo ya kanisa, kwa nta ya nyuki. Jioni moja ya mvua nilikuwa nimechoka. Nilitafuta uso wa mama mjane, na kila nilioufinyanga ulifanana na shemeji yangu. Mke wangu alikohoa jikoni kwa moshi wa nta niliyokuwa nikiiyeyusha. "Baba Rehema, unapika nta au unatupika sisi?"

Ndipo mwanamke akasimama mlangoni, leso kichwani, amelowa chapachapa.

"Shikamoo, mzee. Nasikia unatafuta uso wa mama. Chukua wangu."

Ningemkataaje? Nikampa kiti. Sisi wa kazi hii tuna desturi: mwenye uso hukanda kwanza bonge la nta viganjani mwake mpaka lilainike, ndipo fundi alipokee. Alikanda sana. Aliponirudishia, niamini, lilikuwa gumu na baridi kama jiwe la mtoni.

"Mikono yako ina baridi, mama."

"Nimetoka mtaa wa Mukuru kwa miguu, baba. Wewe fanya tu. Mtoto wangu amenisahau sura."

"Si umwonyeshe picha?"

"Ziliisha motoni."

  Nikakanda mwenyewe, na joto likanitoka viganjani kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilipomaliza kovu dogo lililokuwa juu ya nyusi yake, nikainua macho. Kiti kilikuwa kitupu, na sakafu chini yake kavu.

Jumapili tukacheza mchezo wetu kanisani. Mbele alikaa bibi mmoja wa Mukuru na mjukuu wake. Kikaragosi cha mjane kilipotokea, bibi akashika kifua.

"Huyo ni Achieng'," akasema. "Binti yangu, aliyeungua na nyumba."

Mtoto akatazama weee, kisha akamgeukia bibi yake. "Dani, kumbe mama alikuwa na kovu?"

"Aligongwa na ndoo kisimani, akiwa mdogo kama wewe. Alilia mpaka majirani wakaja."

Mtoto akacheka. Nikaubandua uso ule, nikampa. Wewe ungefanya nini? Nasikia hulala nao kando ya mto wake, na hata jua la Januari halijaulainisha.

Lakini mikono yangu haijapata joto tangu jioni ile. Nta hailainiki tena kwangu. Tukishikana mikono kuombea chakula, mke wangu hujifunika kwanza kwa kanga. Kazi nimeiacha, na silalamiki. Mungu alitumia kilichokuwepo.

Nawe fundi, nta ikikurudia baridi kutoka mikononi mwa mtu, iweke mezani, uombe, kisha uamue. Ukiendelea, ujue unatoa kisichorudi.

Wewe uliyesoma, Mungu awatunzie wanao sura yako, na akuachie viganja vyenye joto mpaka siku yako ya mwisho. Amina.