Chungu cha Ng'ambo ya Barabara

Mama zangu mnaonyonyesha, sikilizeni mambo yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Zamani zile za Wabelgiji, nilipoolewa hapa Kisangani, kwangu mimi hata kwenda sokoni ilikuwa safari. Nilipomzaa Tereza na kuambiwa nikae ndani kama mzazi, nilifurahi karibu kama kwa mtoto mwenyewe.

Nikakaa. Nikala fufu na mchuzi wa pilipili. Mume wangu alitega samaki kwenye maporomoko, kambale wakajaa jikoni, lakini mama mkwe alisema ni mwiko: anayenyonyesha akila kambale, mtoto atapata kifafa. Nani angebisha?

Kisha miguu ikavimba. Ulimi ukawa mweupe. Nikienda chooni tu, moyo unanidunda kama nimepanda mlima. Maziwa yakapungua. Tereza akanyonya, akalia, akanyonya tena. Mashavu yake yakaisha. Hapo nikaogopa.

Mume wangu akanipeleka dispansere kwa baiskeli. Muganga akavuta kope langu la chini.

"Mama, damu iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Hakucheka. Akanipa dawa ya minyoo na vidonge vya damu. "Kula samaki, sombe, maini. Bila ivi, mutoto atanyonya nini? Mifupa?"

Jioni mama mkwe akaambiwa maneno ya muganga. Kisha akamwita jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Mama Zaina, mtu wa Maniema asiye na mwiko huo, akamkabidhi kambale wanono awapike kwake. Akanigeukia.

"Mwiko iko ya chungu yetu. Ya Mama Zaina, haiko mambo yetu. Simama, uende."

"Mama, kutembea mpaka kule?"

"Muvivu wewe! Mutoto iko analia, wewe unaogopa barabara?"

Basi nikavuka kila siku, nikipumzika katikati kama bibi kizee, wenye baiskeli wakinipigia kengele. Kwa Mama Zaina nilikula kambale na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Polepole pumzi ikarudi. Maziwa yakarudi hata yakalowesha kikwembe nilichojifunga kifuani.

Tereza aliponenepa, mama mkwe alimzungusha mtaa mzima. "Muone! Mwiko yetu iko na nguvu!"

Nilifunga mdomo. Ulinuka kambale.

Namshukuru Mungu, muganga, Mama Zaina, na zaidi huyo mama mkwe. Ukinyonyesha, kula. Ulimi ukiwa mweupe, usingoje, nenda dispansere. Wakikukataza nyumbani, tafuta chungu cha ng'ambo. Kama mimi niliweza kutoka nyumbani, wewe utashindwaje?