Konokono Katika Fundo la Kitenge

Wanawake wa Goma hawahitaji mkoba. Ufunguo, rozari, karatasi ya kuvukia mpaka, vyote hufungwa kwenye ncha ya kitenge na kuchomekwa kiunoni. Mama yangu, muuza vitenge wa mtaa wa Birere, nusura afe kwa fundo hilo.

Tulikuwa Dar es Salaam, tukisubiri mzigo. Maji yalipokupwa tukashuka ufukweni, na mama akaokota konokono mwenye gamba zuri, lenye michoro kama wavu. Kwetu, kando ya ziwa Kivu, gamba la kuokota huwa tupu. Hata mimi niliyesoma sikuwaza kwamba huyu yu hai, sembuse kwamba anawinda samaki kwa mwiba wa sumu. Mama akamfunga kitengeni.

Alihisi kama sindano kiunoni, akacheka. Kabla hatujapata gari, midomo yake ilikuwa imekufa ganzi, kope zimelegea, pumzi inakatika. Mwenyeji wetu akafungua fundo, akamtia konokono kwenye ndoo ya maji ya bahari ili daktari amwone.

Hospitalini daktari hakunificha. Sumu ile haina dawa. Mashine ingempumulia mama mpaka sumu imwishe mwilini, kama moyo ungestahimili.

"Zungumza naye, dada. Hawezi kufumbua macho, lakini anasikia."

Nizungumze nini? Nilijaa hasira. Kutwa nzima nilimtukana konokono yule kwa Kiswahili, Kifaransa na Kinande, nikaapa kumponda kwa jiwe. Ukweli ni kwamba niliogopa kurudi Goma peke yangu.

Siku ya pili mama alipumua mwenyewe. Mrija ulipotolewa, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Umeshaua ile nyama?"

Kwetu kila mnyama ni nyama, hata konokono.

"Bado, mama."

"Usiiue. Nilisikia venye ulikuwa unaitukana. Njo miye niliitosha kwayo, nikaileta huku."

"Ilitaka kukuua!"

"Mutu akikutosha ku nyumba yako kwa nguvu, utamuchekea?"

Mara mbili tumekimbia vita, tukaiacha nyumba yetu ya Ndosho, magodoro kichwani, na mara zote mbili nilitukana njia nzima.

Nikabeba ndoo hadi pale pale tulipomwokota, nikaiinamisha majini. Konokono alitulia kidogo, kisha akajiburuta polepole, akazama mchangani. Yeye alikuwa amefika kwao. Nikaiacha ndoo hapo, nikakimbia hospitali kumsikiliza mama akipumua.