Gari Lililomjua Mmoja

Mume wangu alikuwa msoma mita za maji, mtaa mzima ukimwita Bwana Mita, na kwa miaka ishirini na sita nimeishi uke wenza na gari lake. Sitanii. Mimi nikiomba gauni nilisubirishwa; lenyewe likikohoa tu, plagi zimeshabadilishwa.

Alilitengeneza mwenyewe. Mlango wa nyuma aliufunga kwa waya, bushi alizichonga kutoka kwenye kandambili zangu, na akinikuta nazitafuta, alicheka mpaka machozi. Fundi wa gereji ya kona alishanyoosha mikono.

"Mzee, hili gari lina mashetani."

"Halina. Lina mwenyewe."

Lilikubali kuwaka mikononi mwake tu. Binti yetu alimsihi, "Baba, nifundishe basi, siku moja tutakwama." Akamjibu, "Likiwaka kwa kila mtu, mimi nitakuwa nani humu ndani?" Tukacheka. Kila safari aliniambia, "Mama watoto, kafungue geti," na kabla sijageuka linanguruma. Nilidhani nafungua geti tu. Kumbe nilikuwa naondolewa nisione.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, tulimkuta chini kando ya gari, spana mkononi, mdomo umekwenda upande. Tulimlaza kwenye mkeka, binti akachukua ufunguo akapiga stata. Injini ilizunguka, haikuwaka. Akapiga tena na tena. Nami nililisukuma, mtu mzima mimi, nikilitukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Fundi akaja mbio, likamshinda. Jirani mwenye gari alikuwa kazini. Bwana Mita alitutazama, akitoa sauti zisizo maneno, mguu wa kushoto ukigongagonga chini. Binti aliushika akautuliza. "Tulia, baba. Tulia."

Gari la kukodi lilifika saa saba. Hospitalini, daktari alisikiliza maelezo yetu, akatazama saa yake. "Mngemuwahisha, mama, tungeokoa kitu."

Hii ni wiki ya saba yuko barazani. Upande wa kulia umekufa, ulimi haumtii. Fundi huja kuchaji betri na kujaribu bahati yake, anaondoka akitikisa kichwa. Na ule mguu bado unagonga: mara mbili, kimya kidogo, mara moja. Nilidhani ni ugonjwa. Jana, nikimnywesha chai, niliona macho yake hayako kwangu, yako kwenye gari. Nikaweka kikombe chini, nikachukua ufunguo. Nikakanyaga mafuta mara mbili, nikangoja, nikakanyaga mara moja, nikapiga stata.

Likawaka pale pale.

Siri yenyewe ilikuwa hiyo tu. Nilikaa ndani, nikimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja. Yeye alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha geti.

Nikazima gari, nikarudi kumnywesha chai iliyokwisha kupoa.