Gunia la Kukuzia

Masika ya huku yalipoanza nilikuwa kwenye roshani yetu hapa Alby, huku ughaibuni, nikipanda mchicha ndooni, ndipo mjukuu wangu huyu anayeandika maneno haya aliponishika mkono. "Vänta, Babu! Ngoja kwanza!" Akanisomea pakiti ya mbolea: isiguse mbegu, huziunguza. Nikamwambia nayajua hayo. Akacheka, kwa kuwa anajua sikusoma. Basi keti, rafiki yangu, nikueleze nilivyoyajua.

Nililelewa na bibi katika nyanda za ngano. Asubuhi tulibeba samadi ingali inafuka moshi. Mchana tulipiga madebe kufukuza ndege. Bibi hakuruhusu mabua yachomwe. "Ardhi nayo inakula," alisema, akiyafukia. Msimu huu ngano, msimu ujao maharage. Mbegu alipewa na jirani yetu, mama aliyetuletea maziwa ya mgando kila Ijumaa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, ushirika ulituletea chumvichumvi, ndivyo tulivyoiita mbolea ya kiwandani. Magunia yalikuwa mawili: la kupandia, na la kukuzia, ambalo husubiri ngano ichipue kwanza. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mifugo, lakini nilikwisha kujigamba kwamba nimejua kusoma kwa kuchungulia dirisha la darasa.

"Haya, msomi wangu," bibi akasema, "la kupandia ni lipi?"

Nilitambua KU peke yake, nayo ilikuwa kwenye magunia yote mawili. Nikagusa lililokuwa karibu. Tukaimwaga mbolea yake katika mifereji, pamoja na mbegu.

Shamba la jirani likawa kijani. Letu likatoa mabaka. Bibi akafukua mbegu, akazikuta nyeusi, akamwendea jirani.

"Umenipa mbegu mfu!"

"Mama, ni hizo hizo nilizopanda mwenyewe!"

"Zako ulizichambua. Makapi ukaniletea mimi."

Juma lile mwanafunzi mmoja alipita akasoma gunia tupu kwa sauti, akijionyesha: "Ya ku-ku-zi-a." Nilimsikia peke yangu. Nikaligeuza gunia, maandishi yakawa ndani, nikalitandika chini ya kuku. Bibi akanisifu kwa usafi.

Maziwa ya Ijumaa yakakoma. Wanawake wale wawili hawakusalimiana tena, na mimi, niliyeweza kuwapatanisha kwa sentensi moja, nilikula, nikalala, nikakua.

Leo wote wawili wamekwenda, na naambiwa pale sasa kuna nyumba za bati mpaka kilimani. Hakuna anayefukia mabua. Bibi alipozikwa, jirani alisimama nje ya ua, hakuingia. Nilipompita nikamwamkia. Akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, wewe uliishi naye. Aliwahi kukuambia nilimkosea nini hasa?"

Nilikuwa mtu mzima, mwenye ndevu. Nikamjibu kwamba sijui.