Nilivyoagiza biskuti zisizo na ngano kwa kompyuta, nikabaki nakula peke yangu Geita

Wakuu, mwangaluka. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Niliporudi Geita kutoka Ulaya na diploma yangu ya mitambo, miaka ya tisini ikielekea mwisho, watu walisema sitamaliza masika. "Huyu tumbo lake limeshakuwa la Kizungu, atarudi alikotoka."

Nimemaliza masika mengi na nyumba nimejenga kwa mikono hii, bila mjomba wala mbunge. Hilo mlijue kwanza.

Tatizo lilikuwa ngano. Huko nilikosoma, daktari aligundua tumbo langu haliiwezi. Chapati moja, nalala wiki. Akanipa karatasi ya vyakula ninavyoruhusiwa, vyote vya Kizungu isipokuwa wali. Chini akaandika: kingine chochote, mpaka pakiti iwe na maneno "gluten free", yaani hakina kile cha kwenye ngano kinachonidhuru.

Msomi nikaishika karatasi ile kama katiba.

Madukani Geita kulikuwa na mkate, maandazi na biskuti za ngano. Basi.

Nikaenda Shinyanga mjini kwa Mzee Kanji, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Tukafungua duka la Ulaya. Picha moja ilichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mdogo wake aliyeko huko akalipia kwa kadi, mimi nikampa Kanji taslimu. Naamini nilikuwa wa kwanza kanda nzima kununua chakula kwa intaneti. Anayebisha ajitokeze.

Boksi lilifika baada ya miezi miwili.

Sasa, Mama Kabula, mwenye nyumba niliyopanga, kila asubuhi aliniletea sahani ya michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga. Sikuigusa. Haikuwemo kwenye karatasi. Nilishukuru, nikafunga mlango, nikala biskuti mbili kwa chai ya rangi. Zilikuwa na ladha ya boksi.

Kwetu ukikataa chakula cha mtu mara kwa mara, umeshamtukana bila kufungua mdomo. Siku moja nilimsikia uani akimwambia jirani, "Muache. Anaogopa nitamloga."

Kesho yake sahani haikuja.

Majirani nao, ambao chakula chao nacho nilikuwa nakikataa, wakafuata. Nikipita wanakula, salamu inaitikiwa, kisha kimya mpaka nipotee. Wakuu, kama hujawahi kupita mbele ya watu wanaokula na asitokee hata mmoja wa kusema "karibu", upweke hujaujua.

Nilikaa hivyo karibu mwaka.

Nilipoenda kuagiza boksi la tatu, nilibeba pakiti tupu ili tusikosee jina. Kanji akavaa miwani, akaigeuza, akasoma nyuma, mahali ambapo mimi wa diploma sikuwahi kusoma.

"Bwana fundi, unajua unakula nini?"

"Gluten free."

"Hapa wameandika mtama. Na wanga wa viazi. Wewe Msukuma unaletewa mtama kwa meli?"

Alicheka hadi akatafuta kiti. Mimi sikucheka.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja uani.

"Shikamoo mama. Naomba michembe."

"Marahaba. Leo huogopi?"

Nikamweleza tumbo, daktari, karatasi, yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwaka mzima, mwanangu, ulishindwa kusema unaumwa?"

Nilishindwa. Nilitaka wanione mtu aliyeshinda. Kukiri kwamba chapati inanilaza kitandani niliona aibu.

Wiki ile nilizunguka nyumba zote tano nilizowahi kukataa chakula chao. Nikaeleza, nikanawa, nikala. Nilihesabu lile kuwa deni, na mimi sifi na deni la mtu.

Siku nilipomaliza nyumba ya tano, narudi, nikawakuta kina Mama Kabula wamezunguka sinia. Nikasalimia, nikaendelea na njia yangu kama nilivyozoea.

"Fundi," akaniita, "unakwenda wapi? Karibu."

Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni. Nikakaa.

Kwa hiyo someni nyuma ya pakiti, na jirani aambiwe mnachoumwa kabla hajajitafutia sababu. Wenye miili inayokataa kitu, ninyi mliwaelezaje watu wenu? Andikeni hapa, nasoma kila jibu.